Gari Lisiloazimika

Mtaani kwetu Pak Chong, safari ya saa chache kutoka Bangkok, mtu akiwa na pikapu hana Jumapili. Siku sita anafanya kazi ya mwajiri, ya saba anafanya kazi ya majirani, na majirani hawana likizo wala huruma.

Mjomba Thawip alikuwa na pikapu. Kwa kazi ni msoma mita za maji wa manispaa, mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia iliyofifia na tabasamu la kuomba radhi hata pale alipokosewa yeye. Kazi hiyo humwingiza kwenye kila ua, na mita zetu zimewekwa chini kabisa, karibu na mizizi, kwa hiyo msomaji lazima achuchumae. Mtu aliyechuchumaa mbele ya mlango wako huwezi kumwacha aondoke bila kumwomba kitu. Kabla Mjomba hajanyanyuka alikuwa ameshapewa safari.

Pikapu ile ilibeba matopetope kwenda sokoni, spika za sherehe, viti vya msiba, ng'ombe wa mzee Ta Phloen aliyevimba tumbo, na bendi ya shule pamoja na ngoma zake. Asubuhi ilibeba bibi harusi, jioni mbolea ya kuku, na mara moja, kwa sababu ya haraka za watu, ilivibeba vyote kwa safari moja. Bibi harusi yule hadi leo hatusalimii.

Tatizo halikuwa gari. Tatizo lilikuwa kwamba Mjomba Thawip hakuweza kusema hapana. Neno lenyewe alilijua, alisoma shule kama sisi, lakini lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwetu kumkatalia mtu ombi ni kuvuana nguo njiani, na yeye alikuwa na haya kuliko wote. Ukimwomba, alitabasamu, akakuna kisogo, akasema, "Haya."

Aliyelijua hilo zaidi alikuwa Shangazi Samniang, mpishi wa shughuli zote za mtaa, harusi na mazishi bei moja. Kwa damu hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu, ila alikuwa shangazi wa kila mwenye gari. Alikuwa na masufuria makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, kikosi cha wanawake wa kukatakata vitunguu, na sanduku la barafu la buluu, kubwa kama jeneza la mtu mfupi. Vyote hivyo viliishi nyuma ya pikapu ya Mjomba, naye alilipwa kwa mchuzi uliobaki.

Sasa, Jumapili moja alikuwa akipanda barabara ya mlimani, ile ya kona nyingi inayoelekea hifadhi ya Khao Yai. Nyuma amebeba masufuria, sanduku, na wanawake wa vitunguu wanaoimba. Jumapili mlima ule ni wa watu wa Bangkok. Wanakuja na magari yao mafupi ya mbio, yamelala chini kama paka anayevizia, wanazikata kona kwa raha halafu wanakunywa kahawa ya bei ya kilo ya nguruwe. Kigari kimoja kikampita. Kilikuwa cha viti viwili. Dereva alikuwa peke yake, na kwenye kiti cha pembeni palikaa kofia yake.

Kilichomuua Mjomba ni ile kofia. Alimsimulia mkewe baadaye kwamba kofia ile ilikuwa imetulia, haiimbi, haijabeba sufuria, haiombi kupelekwa popote.

Mkewe ni Rampha, mchoma mishikaki ya nguruwe na muuza wali wa kunata pale kona ya soko. Jioni ile Mjomba akamwambia anataka kuuza pikapu anunue gari la mbio, kuukuu, la milango miwili.

"Ulibebee nini?" Rampha akauliza.

"Nisibebe. Ndiyo maana yake."

Rampha alicheka mpaka makaa yakamzimikia. Halafu akasema dawa ya ugonjwa wake ni neno moja, na linatolewa bure. Mjomba akajibu kwamba hilo neno ni ghali mno kwake, afadhali gari. Basi Rampha akakubali kwa sharti moja: gari litoke ndani ya bei ya pikapu, na hakuna hata baht moja ya nguruwe itakayogusa upuuzi huo.

Muuzaji wa magari yaliyotumika kwetu ni Tiang, Mchina wa mji wa Korat, mwenye uwanja kando ya barabara kuu na ulimi uliopakwa mafuta ya injini. Mjomba alifika pale akiwa amebeba sanduku la barafu la Shangazi Samniang. Tiang akadhani mteja amekuja na vinywaji, akafurahi.

La kwanza lilikuwa jeupe, zuri la kumtambulisha mtu kwa wakwe. Tiang akasifu injini, akasifu rangi, kisha akafungua buti akijua hapo ndipo mteja mwenye familia hulainika. Mjomba akaliinua sanduku na kulitumbukiza. Likaingia lote, na nafasi ya nazi ikabaki. Nyuma pia kulikuwa na kiti, chembamba, ila Tiang akaapa kwamba kinakalisha akina mama wawili wakikunja magoti.

Uso wa Mjomba ukaanguka. Akalitoa sanduku lake kimyakimya.

"Limeingia, bosi," Tiang akasema.

"Nimeona. Nionyeshe jingine."

La pili lilikuwa jekundu, la taa zinazochomoza juu ukiziwasha. Ya kulia ilichomoza mara moja, ya kushoto ilichelewa, ikaja taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizi wa mchana. Mjomba akalipenda papo hapo. Gari lenye kasoro ya usoni ni kama mtu, unalikumbuka. Mwenye kulimiliki kabla yake alikuwa kijana, kwa hiyo egzosi ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi iliyomeza jiwe. Sanduku halikuingia kwenye buti. Mjomba akaanza kuchangamka. Lakini Tiang, aliyekuwa hajaelewa anauza nini, akalikalisha sanduku kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akalipigapiga mgongo kama abiria. Halafu, kwa bahati mbaya zaidi, akabonyeza kitufe na paa likafunguka.

Mjomba aliliangalia lile tundu kwa muda mrefu. Aliiona miezi ya kabla ya mvua, vijana wa mtaa wanapopelekwa hekaluni kuingia utawa, na kila kijana anazungushwa barabarani kwa ngoma na maua. Akamwona kijana wa kila nyumba amesimama katika tundu lile kwa mwavuli, yeye chini akiendesha mwendo wa konokono, klachi ikinuka. Akasema asante, limemzidi uzuri.

La tatu lilikuwa nyuma ya ofisi, chini ya turubai, palipokaa vitu ambavyo Tiang hujifanya havijui. Lilikuwa la viti viwili tu, la umri wa kuweza kuoa, kijani kama jani la mgomba. Injini haikuwa mbele. Ilikaa mgongoni mwa dereva, kama mtoto kwenye mbeleko. Buti ya mbele imejaa tairi la akiba, buti ya nyuma inatosha chakula cha mchana cha mtu asiye na njaa, na kwa joto la injini chakula hicho kitafika kimepikwa upya. Kioo cha kushoto kilishuka nusu, kikagoma. Taa moja ya dashibodi haikuzimika, na hakuna aliyejua inaonya nini. Gia ya tatu haikuingia kwa nguvu. Ilibidi uiombe kwa adabu, mara mbili.

Wakajaribu sanduku mbele. Halikuingia. Wakajaribu nyuma, wakalilaza ubavu, wakang'oa kifuniko, wakajaribu kifuniko peke yake. Tiang alikuwa analowa jasho na aibu, anaomba msamaha kwa niaba ya kiwanda. Mjomba alikuwa anang'aa kama aliyepandishwa cheo.

Akalijaribu barabarani hadi kona za kwanza za mlima na kurudi. Baadaye alijieleza hivi: pikapu kwenye kona humuuliza dereva ana uhakika gani, lakini kile kigari kiliingia konani kama mtu anayerudi kwao.

Kilichobaki ni rangi, maana kwetu kila siku ya kuzaliwa ina rangi yake ya bahati na yake ya mkosi. Mjomba alizaliwa Jumamosi, na mtu wa Jumamosi na kijani ni paka na panya, kila mtu anajua. Ndiyo maana gari lilikuwa rahisi: waliozaliwa Jumamosi wanaliogopa, na waliozaliwa siku nyingine wana akili. Tiang akafungua droo, akatoa stika, akaibandika nyuma karibu na namba: GARI HILI NI LA ZAMBARAU. Zambarau ndiyo rangi ya Jumamosi. Mikosi ya kwetu inasoma, na ikishasoma inatii. Tangu siku hiyo mtaa mzima unaliita gari la zambarau, na mimi sitakuwa wa kwanza kuleta balaa.

Pikapu ikauzwa mkoa wa mbali ambako haina ndugu. Shangazi Samniang alipopata habari alikuja na mwiko mkononi, akalizunguka lile gari, akachungulia mbele, akachungulia nyuma.

"Mdogo wangu," akamwambia Thawip, "nusu yake nyingine inakuja lini?"

Mjomba akamweleza kwa huzuni kubwa, huzuni aliyoifanyia mazoezi, kwamba limeisha hapo. Shangazi akaenda kukodi gari dogo la abiria. Mtaani tukasema Thawip amepatwa na ile homa ya wanaume wa umri wake. Yeye akatabasamu. Alibakiza jambo moja tu: kupanda mlima Jumapili, peke yake, kofia kwenye kiti.

Ila gari lilikuwa halijabarikiwa. Hakuna mtu wa kwetu anayepeleka gari mlimani bila baraka. Hata wezi wa magari huanzia hekaluni. Kwa hiyo Mjomba, aliyekuwa ametumia akili nyingi kumkwepa kila mwombaji wa Pak Chong, akaliosha gari lake vizuri na kulipeleka mwenyewe, kwa miguu yake minne ya mpira, kwa mtu pekee ambaye hakuna anayeweza kumkatalia.

Mkuu wa hekalu letu ni Luang Pho Thongyu, yaani "Baba Mheshimiwa" kwa lugha yetu, mtawa mzee, mnene, mwenye mgongo mbovu na sauti ya chini. Baraka ya gari huandikwa kwa chaki juu darini, mahali pa dereva, na dari ya kigari kile ilikuwa chini mno kwa mtu kuinama. Luang Pho akazunguka upande wa pili, akajitumbukiza kwenye kiti cha abiria. Akaandika alama zake, akasoma sala zake, akanyunyiza maji. Kisha hakutoka.

Tukasubiri. Waliokuwepo wakafikiri ameingia kwenye tafakuri, wakaunganisha viganja.

"Kiti hiki kina huruma," hatimaye akasema. "Kimenishika mgongo." Akapapasa pembeni, akageuka kutazama nyuma, akakutana na ukuta wa injini. "Mwanangu Thawip, humu anakaa abiria mmoja tu?"

"Mmoja tu, Luang Pho."

"Hakuna nafasi ya akina mama huko nyuma?"

"Hata ya kuku hakuna, Luang Pho," Mjomba akajibu kwa fahari, na fahari hiyo ikamfia mdomoni, kwa sababu alisikia mwenyewe alichosema.

Mtawa wa kwetu haketi bega kwa bega na mwanamke. Gari la hekalu lilikuwa daima limejaa akina mama wa jikoni, na kila safari ilianza kwa ubishi mrefu wa nani ahamie wapi ili Luang Pho asiguswe hata na upindo wa sketi. Na sasa limekuja gari la dereva mwanamume na kiti kimoja, kana kwamba aliyelibuni alikaa kwanza na kanuni za watawa mapajani.

"Jumapili una kazi?" Luang Pho akauliza.

Mjomba akatabasamu, akakuna kisogo.

"Haya," akasema.

Ndivyo gari la mbio lilivyoingia utumishi. Jumapili hii kufungua duka la simu, ijayo kusoma sala za arobaini ya mtu, nyingine kubariki kisima. Zote ni safari za bondeni, barabara nyoofu, mwendo wa mtu mwenye mgongo mbovu. Nyuma yao Shangazi Samniang na kikosi chake ndani ya gari la kukodi, wanapiga honi kwa sababu wali unapoa. Injini iliyozoea kukimbia ilichemka kwa kuchoka. Kona za mlima Mjomba aliziona kwa mbali, kama mwenye kisukari anavyoona keki.

Juu ya hayo, kiti cha pembeni kikawa kitakatifu. Shangazi alitangaza kwamba mwanamke akikikalia atakinajisi, jambo ambalo Luang Pho mwenyewe hakuwahi kulisema wala kuulizwa. Rampha alisema kiti ni kiti, ila hana muda wa kuwa mada ya sokoni. Mizigo yake ya nguruwe haikuwa na pa kukaa, kwa hiyo akachukua hela yake ya mishikaki, akaenda kwa Tiang, akarudi na pikapu.

Kesho yake asubuhi Shangazi Samniang alikuwa amefika kibandani. Akasifu rangi ya pikapu, akasifu nguruwe, akasifu afya ya Rampha, kisha akasema ana mazishi Alhamisi na masufuria yake, unajua tena.

"Hapana," akasema Rampha, akigeuza mishikaki.

Shangazi akangoja sentensi iendelee. Haikuendelea. Nyama ilitoa moshi. Shangazi akanunua mishikaki mitano, akaomba pilipili ya ziada, akaenda zake.

Mjomba alikuwa nyuma ya kibanda akifunga wali kwenye mifuko. Ilibidi akae kwenye ndoo. Alikuwa ameuza pikapu nzima, amebadilisha rangi ya gari kwa stika, ameuza Jumapili zake kwa hekalu, vyote ili asitamke neno ambalo mkewe amelitamka bila hata kuacha kugeuza nyama. Na mbingu zilikuwa bado juu, na Shangazi kesho yake alirudi kununua nguruwe kama kawaida.

Basi akaapa. Jumapili inayofuata atamwambia Luang Pho hapana, mara moja tu, halafu atapanda mlima kabla gia ya tatu haijakata tamaa kabisa. Wiki nzima alifanya mazoezi kwenye mita za maji. Anachuchumaa, anasoma namba, anaiambia mita, "Hapana." Mama mmoja wa mtaa wa juu alimsikia kupitia dirishani, akadhani ni kuhusu bili yake, akaenda manispaa kulia.

Jumapili ikaangukia siku ya kuamkia bahati nasibu. Uwanja wa hekalu ulijaa watu wenye ubani na mishumaa, wote wakitaka kitu kimoja: namba. Walikuwa wameshapaka unga mti wa mgomba wakitafuta tarakimu kwenye shina, na sasa walikuwa wamezunguka kibanda cha Luang Pho. Mjomba aliliegesha gari nyuma, karibu na jiko, akabaki ndani akilirudiarudia neno lake kwa sauti ndogo.

Mlango wa jiko ukafunguka. Luang Pho akatoka amekusanya pindo la joho mkononi, kwa kasi ambayo mgongo ule haukuwahi kuionyesha, akajitumbukiza kitini, akafunga mkanda.

"Twende," akasema.

"Luang Pho, leo nilitaka kukuambia kwamba..."

"Utaniambia njiani. Wameniona."

Mjomba akaondoa gari. Kweli, kwenye kioo aliona mishumaa inakimbia. Walipofika njia panda, kulia ni vijijini na kushoto ni mlimani, akauliza shughuli ya leo iko wapi. Luang Pho akachungulia kioo kuona kama mishumaa bado inawafuata.

"Hakuna shughuli," akasema. "Niliwaambia tu natoka na mwanangu Thawip. Na nimetoka naye."

Kisha akamweleza. Ni miaka sasa wanamwomba namba. Amewaambia hana, wakacheza umri wake. Alikohoa mara tatu, wakacheza tatu. Alinyamaza siku nzima, wakacheza sifuri, ikatoka, na tangu hapo hana amani hata chooni.

"Kwa nini usiwaambie tu hapana, Luang Pho?"

Mzee akageuza kichwa taratibu. "Wewe mbona hukuniambia?"

Hapo wote wawili wakatazama taa ya dashibodi isiyojulikana inaonya nini. Halafu Mjomba akakata kushoto.

Kona ya kwanza Luang Pho alishika mlango. Ya pili akauachia. Injini mgongoni mwao ilibadilika sauti, ikawa kama mtu aliyekuwa akisoma risala na sasa ameanza kuimba. Upepo uliingia kwa kile kioo cha nusu ukachezea joho. Mbele yao likatokea lori la kabichi, linapanda kwa kukohoa, na Mjomba kwa mazoea akapunguza mwendo, akajipanga nyuma yake kama mtu anayesubiri kuombwa kulisukuma.

Luang Pho akavumilia kabichi kwa kitambo.

"Mwanangu," akasema, "hilo lori lina nguvu kutushinda?"

"Hapana, Luang Pho," akajibu Thawip.

Likamtoka hivyo tu, laini, bila mwiba. Akasikia amelisema. Akaangalia barabara, ilikuwa tupu, akaiomba gia ya tatu mara moja tu, na gia ikaingia.

Walirudi jua likiwa limeshuka, wote wawili nywele zimesimama, ingawa mmoja wao hana nywele. Shangazi Samniang alikuwa akimngoja Mjomba getini kwake, amefumbata kalamu kiganjani. Alitaka kujua Luang Pho alitaja nini huko njiani, namba yoyote, hata ya kilomita.

"Hapana," akasema Mjomba Thawip.

"Hapana nini?"

Mjomba akafikiri kidogo, akaona hakuna cha kuongeza, akaingia ndani kula.

Shangazi akainama nyuma ya gari, akanakili namba yake, akaicheza, na nusu ya mtaa ikamfuata. Haikutoka. Hadi leo anasema gari lile lina kasoro, na kwamba yeye tangu mwanzo aliliona si la zambarau.